Bibi na bwana wakioana tena, tupeleke zawadi gani?



Wiki tatu zilizopita tulimliza mwenzetu mkutanoni. Hatukukusudia, lakini tulimliza, na sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa miongoni mwa waliocheka.

Ilikuwa hivi. Tulipofika kwenye mambo mengine, mama mmoja aliye katika umoja wetu tangu mwanzo alisimama. Alifunga vizuri kikwembe chake, akasema: “Wamama, nina neno. Mimi na baba ya watoto tunarudiana. Tulikuwa tumeachana kwa mahakama, kwa hiyo tutapita tena kwa etasivili, kisha mchungaji atatuombea. Siku tukiijua nitawaambia. Mnakaribishwa wote.” Tulipiga vigelegele. Ni miaka sita tangu bwana yule alipoondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Misisi, na mengi yaliyofuata tunayajua, hatutayaandika hapa.

Kisha mtunza feza wetu akafungua daftari. Kanuni yetu inajulikana: mwenzetu akiolewa au akioza mtoto, kila mmoja anatoa kikwembe kimoja au bei yake. Akageuza kurasa, akasoma, akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta hesabu tu: “Huyu tulishamtolea mwaka 2011. Je, tunahesabu tena?”

Hapo ndipo maneno yalipoanza kuruka. Mmoja akasema bwana ni yule yule na kitanda ni kile kile, sasa tununue nini? Mwingine akasema afadhali tungojee ya tatu, tutoe zote mara moja. Mama mmoja mzee alijaribu kututuliza. Alisema mtu akizaa mara ya pili hatumwambii kwamba nguo za mtoto tulishampa. Naye akajibiwa palepale kwamba anayezaa mara ya pili huzaa mtoto mwingine, si yule yule. Tulicheka sana. Tulipomaliza kucheka, kiti chake kilikuwa kitupu.

Kesho yake watatu kati yetu tulikwenda kwake. Tulimkuta anapima makala, maana ndiyo biashara iliyomlishia watoto miaka yote ile. Alitupa viti, akatuletea maji, hakutugombeza. Alisema hivi: “Sikuja kuomba vikwembe. Nilikuja kuwaambia kabla hamjasikia njiani. Ninyi ndio mlinisindikiza mara ya kwanza. Mkikosa mara hii, wakwe watasema hata wamama wenzangu hawaamini.” Tulirudi kimya mpaka barabara kubwa.

Tangu siku ile tumeuliza watu. Tumeuliza wazee wa Kivira, wa Kifuliiru na wa Kibembe, mama wa Kiislamu wa jirani, mchungaji, na mtu anayejua kazi za etasivili. Tuliona kwamba wengi wetu tunachanganya mambo matatu au manne yanayofanana kwa nje, na kila moja lina zawadi yake.

La kwanza ni kujua kama ndoa ile ilivunjika kweli. Sheria ya Familia ya nchi yetu ni ile ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kwa sheria hiyo talaka inatolewa na mahakama tu. Haitolewi na kikao cha familia, wala na barua iliyotiwa sahihi mbele ya mkubwa wa kartie, wala na bwana kwa kusema “nenda kwenu”. Basi wengi tunaosema “wameachana” hawajaachana kisheria. Bibi alirudi kwao na vikapu vyake, ikapita miaka miwili, wakapatana. Hao hawaoani tena, kwa kuwa ndoa yao haijapata kufa.

Kwa watu kama hao desturi yetu ya pwani hii na ya bonde la Ruzizi iko wazi, hata kama kila kabila lina namna yake. Bwana hatumi mtu kumwita bibi. Anakwenda mwenyewe kumchukua kwa wakwe, pamoja na baba mdogo au shangazi anayejua kusema. Anakubali makosa yake mbele ya wazee, anatoa kinachoombwa, na mara nyingi ni mbuzi na kinywaji. Hicho si zawadi. Ni gharama ya kosa, na sisi wageni hatuna sehemu ndani yake. Tumesikia siku hizi mabwana wanapitisha bahasha kwa marafiki ili wapate mbuzi wa kuomba msamaha. Akina mama, hiyo tusichangie. Mbuzi wa msamaha akinunuliwa na marafiki, nani ameomba msamaha?

Bibi akishafika nyumbani kwake, jirani anakwenda na kitu cha kupika: unga wa muhogo, mchele wa bondeni, sahani ya ndagala, chupa ya mawese. Unakitoa jikoni, si sebuleni. Unakaa kidogo, unaondoka. Nyumba iliyokaa bila mama mara nyingi haina chumvi, haina sabuni, na mbabula imetoboka. Ukimletea mtu sabuni siku hiyo, umemsaidia kuliko aliyemletea saa ya ukutani.

Tunakumbuka pia waliotenganishwa na ziwa, si na ugomvi. Mwaka 1996, na tena baada ya 1998, watu wa Uvira na Fizi walivuka kwa mitumbwi kwenda Kigoma, na wengi wakakaa miaka katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Mabibi na mabwana walipotezana. Meli za kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma zilipoanza kufika Baraka mwaka 2005, wako waliokutana tena gatini watoto wakiwa wamekuwa wakubwa. Wako waliokuta mwenzao ana nyumba nyingine, na hayo ni mazito kupita ukurasa huu. Lakini wale waliokuwa wamengojeana, familia nyingi ziliwafanyia karamu ndogo na maombi, na watu walileta majembe, mikeka na sufuria. Waliwaletea kama watu wanaojenga upya, na hakuna aliyeuliza nani alitoa nini katika arusi ya kwanza. Tungekumbuka hayo, tusingecheka siku ile.

Sasa tuje kwa wale kama mwenzetu, walioachanishwa na mahakama kabisa. Hao ni watu wawili wasio na ndoa, na wakitaka kurudiana wanaanza tena mbele ya etasivili kama wachumba. Hapo ndipo panapozuka swali la mali, yaani dote. Sheria inasema familia ya bwana na wazazi wa bibi wapatane juu ya dote. Inasema pia kwamba kwa wengine dote inaweza kuwa ya ishara tu, na kwamba ndoa haiandikwi kama dote haijatolewa angalau sehemu. Watu wanauliza: alishatoa ng'ombe, atoe tena?

Wazee tuliowauliza walijibu kwa swali lingine: mali ya kwanza ilirudi? Kama wazazi wa bibi walirudisha, bwana anaanza upya. Kama haikurudi, na mara nyingi hairudi yote pakiwa na watoto, familia zinakaa pamoja, zinasema mali ile ingali inasimama, na bwana anaongeza kitu kidogo cha heshima. Mzee mmoja wa Kivira alituambia kwamba yeye alipokea jembe moja tu na kikwembe cha mama mkwe, akaona inatosha, kwa sababu alichotaka ni kumwona kijana yule ameketi mbele yake na kofia mkononi. Tunawaomba wazazi wasigeuze marudiano kuwa soko la pili. Tunawaomba pia mabwana wasiseme “nilishalipa”. Bibi si deni lililokwisha.

Kuna jambo moja la etasivili ambalo wengi hawalijui, nalo linagusa zawadi. Siku ya kuandikwa mnaulizwa mali za nyumba zitaendeshwa vipi: kila mmoja na zake, au mnachanganya zile mnazochuma tangu ndoa, au mnachanganya zote. Msipochagua, sheria inachukua ile ya pili. Mara ya kwanza wengi wetu tulijibu “ndiyo” kwa kila kitu, tukitamani tu tumalize tukapige picha. Anayeoana tena ana miaka, ana biashara, pengine ana kiwanja alichonunua alipokuwa peke yake. Mama, ukifika hapo usiwe na haraka. Omba waeleze, katika Kiswahili.

Jueni pia kwamba aliyeolewa kabla ya 2016 aliolewa wakati sheria ilikuwa bado inamtaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa kila tendo la kisheria linalomfunga yeye, kama vile kutia sahihi mapatano fulani. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa wawili wanapatana. Basi anayerudi kwa bwana yule yule harudi katika sheria ile ile.

Kwa dada zetu Waislamu mambo yana mpangilio wake. Ikiwa ni talaka ya kwanza au ya pili, na bibi angali katika edda, bwana anaweza kumrejea bila arusi mpya wala mahari mapya. Edda ikipita, ni ndoa mpya, kwa ridhaa ya bibi, na mahari mapya. Baada ya talaka tatu hawawezi kuoana tena mpaka bibi awe ameolewa na mwingine, ndoa ya kweli, nayo ikaisha. Mama jirani alitukumbusha neno ambalo sisi wengine tunalisahau: kwao mahari ni ya bibi mwenyewe, si ya wazazi. Tulinyamaza kidogo aliposema hivyo, kila mmoja akifikiri ng'ombe wa kwao walikwenda wapi.

Kwa Wakatoliki, kanisa halihesabu talaka ya mahakama kuwa imevunja ndoa ya sakramenti. Bibi na bwana waliofunga ndoa kanisani wakirudiana, mbele ya kanisa wangali wale wale. Padri anaweza kuwabariki, lakini hawafungi ndoa ya pili. Kwa hiyo usishangae ukialikwa kwa etasivili na karamuni bila misa ya ndoa katikati. Hawajafichwa wala hawajafukuzwa.

Turudi kwenye zawadi zenyewe. Tulipokuwa tumeketi kwenye makala ya mwenzetu, mmoja wetu alimwuliza: basi unahitaji nini nyumbani? Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema: “Nahitaji vitu vyangu.”

Tukamwelewa. Mwaka 2011 tulimpa sufuria za ukubwa tofauti, termosi mbili, seti ya sahani, matela, na umoja wote ukakusanya feza za cherehani. Nyumba ilipovunjika, wifi zake walikuja na mkokoteni. Walisema ni vitu vya ndugu yao. Yeye aliondoka na watoto, nguo na sufuria moja iliyokuwa motoni. Cherehani ile tuliyoinunua sisi, senti kwa senti, ilishona nguo za watu wengine. Hakuna kati yetu aliyekwenda kuuliza. Tulisema ni mambo ya familia.

Hiyo ndiyo aibu yetu, na ni kubwa kuliko kile kicheko. Tunahesabu zawadi zinapoingia katika nyumba, kila moja ina jina na bei katika daftari. Zinapotoka kwa mkokoteni tunaangalia kando.

Basi mawazo yetu ni haya, na anayepinga atuandikie. Watu wakitaka kuoana tena, zawadi ya kwanza inatoka kwa wale walioshika vitu vya nyumba ile: wifi, shemeji, mama mkwe, hata mama mzazi wa bibi ikiwa alichukua redio ya bwana kwa hasira. Virudishwe kabla ya siku ya arusi, mchana, bila hotuba. Kikiwa kimevunjika kirudishwe hivyo hivyo au useme kimevunjika. Na shangazi anayesimamia marudiano aliweke jambo hili mezani mapema, kwenye kikao kilekile cha dote, kwa sababu bibi mwenyewe hawezi kulisema bila kuitwa mchoyo.

Wakati fulani haiwezekani. Mto Mulongwe ulipofurika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, nyumba nyingi za mji wetu zilikwenda na vyombo vyake, na nyumba ya wifi mmoja wa mwenzetu ilikuwamo. Cherehani yetu iko ziwani, au chini ya mchanga. Hilo hatumdai mtu.

Na sisi wageni? Aliyetoa mara ya kwanza hana deni. Tuliandike wazi ili watu wasiogope kualika. Bibi na bwana wanaorudiana wasipeleke kadi za michango kama wachumba wa miaka ishirini, wala wasiunde kamati ya arusi ya kuzunguka ofisi na maduka. Waseme tu siku na saa. Lakini aliyetoa mara ya kwanza asiseme pia kwamba kwa hiyo haji. Kuja kwako ndiyo zawadi inayoombwa. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza kidogo, kiwe cha kula au cha kutumia, na usipeleke kile kile ulichopeleka zamani. Mtu akipokea tena termosi ya maua mekundu kutoka mkono ule ule, atakumbuka ile ya kwanza ilivyopasuliwa ukutani.

Aliyejiunga nao baadaye, jirani mpya au mwenzake wa kazi, ambaye hakuwapo arusi ya kwanza, atoe kama anavyotoa kwa arusi yoyote.

Ukipeleka feza, weka katika bahasha na uitie mkononi mwa bibi, au mkononi mwa wote wawili wakiwa pamoja. Usimpe kaka ya bwana “awapelekee”. Dola 5 zinazofika ni nyingi kuliko 20 zilizopitia kwa watu watatu. Kama mnatoa kwa likirimba au kwa kundi, ulizeni kwanza. Mwenzetu angepata vikwembe arobaini siku hiyo, na watoto wake walikuwa wanafukuzwa shule.

Kuna vitu vya kuepuka. Kioo kikubwa chenye majina na tarehe mpya ni kizuri dukani, lakini ukutani kitauliza tarehe ya zamani ilikwenda wapi. Usilete picha ya arusi ya kwanza uliyoihifadhi, mpaka waiombe. Usilete kitabu cha mashauri ya ndoa mbele ya watu. Na yule protokole anayependa kuchekesha aitwe kando, aambiwe: hakuna “mara hii mshikane vizuri”, hakuna “tumechoka kula pilau yenu”. Tumesikia yote mawili kwa masikio yetu, pale pale Uvira, katika karamu mbili tofauti. Kutangaza zawadi moja moja kwa kipaza sauti, nani ametoa nini, kuachwe kabisa siku kama hiyo. Kwa kweli tungependa kuachwe katika arusi zote, lakini hilo tutaligombania siku nyingine.

Si lazima kuwe na watu wengi. Elizabeth Taylor na Richard Burton, wale wa sinema ambao mama zetu waliwajua, walioana mwaka 1964 na kuachana 1974. Tarehe 10 Oktoba 1975 wakaoana tena huku huku Afrika, Botswana, kando ya mto Chobe, bila ule umati uliozoea kuwafuata. Mwaka uliofuata waliachana tena. Tunalisema kwa sababu watu hufikiri kwamba marudiano yakifanywa kwa kishindo ndiyo yatashika, au yakifanywa kimya ndiyo yatashika. Hawa walikuwa na uwezo wa kuchagua vyovyote.

Watoto wasisahauliwe. Katika arusi ya kwanza hawakuwapo. Katika hii wanaketi mbele na wanaangalia kila mtu. Mtoto wa miaka kumi na mbili amejifunza miaka sita kuwa msaidizi wa mama yake, sasa anaona mwanamume anarudi na watu wanapiga vigelegele. Sisi walimu tunawaona darasani wiki hizo, wanalala mezani au wanagombana. Daftari na kalamu, jozi ya viatu, sare ya shule iliyolipwa: hizo ni zawadi za arusi ya namna hii, na zipewe mtoto mkononi kwa jina lake. Bwana mwenyewe angefanya vema kuwapa kitu kabla hajampa mama yao pete.

Tubaki na neno moja ambalo si la furaha. Si kila marudiano yanastahili vigelegele. Kuna dada anarudi kwa sababu wazazi hawawezi kurudisha mali, au kwa sababu kaka zake wamechoka kumlisha. Yuko anayerudi kwa mtu aliyempiga mpaka akalazwa, na hakuna kilichobadilika ila familia zimekunywa pamoja. Zawadi zetu siku hiyo zinamfunga, maana atasema “nitaondokaje, watu wamenitolea?” Kabla ya kufungua daftari, mmoja wetu anayemfahamu akae naye peke yake, mbali na shangazi na mama mkwe, amwulize: unataka? Akisita, umoja usitangaze kitu. Na akienda hata hivyo, apewe namba ya simu ya mtu wa kumkimbilia usiku, ifichwe mahali anapopajua yeye. Hiyo pia tunaihesabu kuwa zawadi.

Mwenzetu tulimwuliza. Alifikiri muda mrefu, mikono imejaa vumbi la makala, akasema anataka, lakini makala hataacha kuuza.

Jumamosi iliyopita walipita kwa etasivili saa nne asubuhi. Tulikuwa thelathini na mmoja, kila mtu na kikwembe chake cha zamani, hatukushona kipya. Umoja ulilipa karo ya watoto wawili mpaka mwisho wa mwaka, na bahasha iliyobaki tuliiweka mkononi mwake. Katika daftari tumeandika kwamba kikwembe hakihesabiwi mara ya pili, kuja kunahesabiwa. Mama mmoja bado hakubali. Anasema kanuni ni kanuni, na kwamba yeye akioza binti yake mwezi wa nane asipunguziwe. Tutalizungumza Alhamisi.

Siku mbili kabla ya arusi, wifi mkubwa alikuja asubuhi mapema na sufuria namba kumi kichwani, ile yetu ya 2011, sikio moja limekatika. Aliiweka mlangoni, akasema, “Wifi, hii ndiyo iliyobaki.” Ndiyo tuliyopikia mchele.